Waambie Waache Kuomba

3 Machi

Sindano mwanangu,

Wifi, shangazi yako, amenitumia salamu kwamba ulifika salama ila ulitapika njia nzima. Pole mama. Mimi nilipokuwa na mimba yako nilichukia harufu ya kitambaa kipya, na fundi cherehani akichukia kitambaa kipya atakula nini?

Sasa nisikilize. Usinipigie simu. Simu yangu kutwa inachajiwa kwenye saluni ya baba yako, na akiona ni wewe anapokea yeye, anaweka sauti kubwa ili wateja wote wakusalimie na mapovu yao kidevuni. Andika barua, mpe kondakta wa basi la asubuhi ailete hapa kibandani kwangu. Juu ya bahasha andika "vifungo", watadhani ni mzigo wa kazi.

Kuhusu yale mambo. Jumapili Mwenyekiti wetu wa akina mama alinishika mkono mlangoni pa kanisa, watu wakipita, akaniuliza mbona binti haonekani kwaya na shuleni hayupo. Unamjua yule mama, akikushika mkono hauachii mpaka umpe kitu. Nikamwambia unaumwa tumbo. Akasema, tumbo gani hilo la kumtoa mtoto shule? Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema: ana uvimbe. Haki ya Mungu sikupanga. Na baba yako alikuwa nyuma yangu. Yeye nilikuwa nimemwambia ni vidonda vya tumbo tu, unakwenda kwa shangazi kubadili hewa. Aliposikia uvimbe alishika ukuta.

Kwa hiyo sasa una uvimbe. Yeyote akikuuliza, una uvimbe na shangazi yako anakupeleka kwa madaktari. Baba yako asijue, nakuomba kwa magoti. Wakati ukifika, wifi atatafuta watu wema wasiojaliwa mtoto, wenye hofu ya Mungu, wamlee. Wewe utarudi umepona, tutakutafutia shule nyingine, yatakwisha.

Mimi ndiye mwalimu wa darasa la mabinti, Sindano. Nimewasimamia watoto wa wenzangu nikiwaambia mwili ni hekalu, kidole juu. Nitasimama tena pale na kidole gani?

Sikuulizi ni nani. Sitaki kujua.

Vaa soksi, sakafu za huko ni baridi.

Mama yako

9 Machi

Mama, shikamoo.

Uvimbe wako haujambo. Unakula sana na usiku unapiga mateke.

Usinikasirikie, nimecheka kwanza halafu nikalia, Shangazi ni shahidi. Nakaa naye kwenye chumba cha kufulia nyuma ya nyumba ya wageni. Kuna mvuke kutwa, ukuta mzima umeota ukungu. Yeye anafua mashuka, mimi nimepewa kiti nipige pasi foronya. Wafanyakazi wenzake walipomuuliza nina nini, alisema, "Mimba, kwani mnaona nini, tikiti?" Wakacheka, halafu mmoja akaniletea mto wa kuegemea. Basi. Yalikwisha hapo hapo. Sikujua kwamba yanaweza kwisha hapo hapo.

Mama, nina jambo moja. Wewe ulijua kabla sijakuambia. Ulinipanulia kiuno cha sketi ya shule mara mbili. Mara ya pili ulipima, ukapima tena, una pini mdomoni. Nilisimama pale nikisubiri uzitoe pini uniulize. Ningekuambia yote siku ile. Ulikata uzi kwa meno ukasema, "Umenenepa, punguza mkate."

Kwaya wanaendeleaje? Mpiga kinanda bado anapiga?

Mwanao,
Sindano

21 Machi

Sindano,

Barua yako nimeisoma nikaichoma kwa makaa ya pasi. Usiniandikie tena habari za pini.

Huku mambo yamekuwa makubwa. Mwenyekiti ametangaza mfungo wa maombi kwa ajili yako. Akina mama wote. Tunakutana nyumbani kwake kila Jumatano, na Jumapili kanisa zima linasimama. Sijawahi kuona watu wakikupenda hivi. Hata wale tuliokuwa hatusalimiani wamekuja kunikumbatia hapa kibandani, mmoja ameleta sukari.

Unajua Mwenyekiti akiomba anavyoomba. Alisema, "Bwana, kitu hicho kilichoshika tumbo la mtoto wetu, kikaushe! Kikauke tangu mizizi! Kisione jua!" Na wote tukaitikia Amina. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, mkono wake uko begani kwangu. Ningefanya nini? Niliitikia na mimi. Nilisema Amina, mwanangu, na machozi yakanitoka, wakadhani ni imani.

Baba yako amefunga kuliko wote. Hali mpaka jioni, na jioni anakula kama ndege. Juzi amemkata mteja sikio, mteja akataka kupiga kelele, alipoambiwa ni kwa sababu ya binti mgonjwa akasema basi, endelea na la pili. Watu ni wema. Wema wao ndio unaonimaliza.

Halafu Mwenyekiti amesema tuamini kwa matendo. Ameagiza vitambaa vya buluu kwa ajili ya ibada ya shukrani siku utakaporudi. Sare ya wanawake wote, na mshonaji ni nani kama si mimi? Vimejaa hapa, hata pa kuweka mguu hakuna. Siku hiyo utasimama mbele utoe ushuhuda jinsi Bwana alivyouondoa uvimbe. Maneno machache tu. Nitakuandikia.

Umeuliza mpiga kinanda. Mtoto wa Mwenyekiti hajambo, kijana mwenye adabu zake. Tukiomba anatupigia polepole kwa chini, inaleta utulivu.

Mama yako

28 Machi

Mama, shikamoo.

Ulisema hutaki kujua. Sasa utajua, samahani.

Ni yeye. Mpiga kinanda. Hakunilazimisha, sitamsingizia, na mimi si mtoto wa kurubuniwa kwa pipi. Tulibaki kufunga vyombo baada ya mazoezi, siku ya kwanza tukaongea, siku nyingine hatukuongea. Nilijua ni dhambi. Darasa lako nililisikiliza, Mama, usidhani nilikuwa nasinzia. Kabla sijaondoka nilimwambia nina mimba. Alisema atazungumza na mama yake, nimpe muda kidogo.

Kwa hiyo yeye anajua hakuna uvimbe. Nina swali moja tu, na usichome barua kabla hujanijibu. Mama yake alipoomba kikauke tangu mizizi, kisione jua, yeye aliitikia Amina?

Ushuhuda sitoi. Nimefanya kosa moja, siwezi kusimama madhabahuni na la pili nimevaa buluu.

Sindano

2 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia wewe kwa sababu mwanao sina la kumwambia. Amenitajia mtu. Bila shaka wewe unamjua tayari, maana nyinyi wawili huko mnaambiana kila kitu. Mtoto wa Mwenyekiti! Ningesikia ni mlevi wa barabarani ningelia nikanyamaza, lakini huyu! Nikisema nitaambiwa namchafulia mama wa watu mwanawe. Nisiposema, mama mwenyewe anapiga magoti kila Jumatano kumlaani mjukuu wake, na mimi namshikia Biblia.

Mwambie Sindano jibu la swali lake. Jumatano hii nilimtazama. Aliitikia. Aliitikia kwa sauti, macho kwenye kinanda.

Nifanyie haraka ile habari ya watu wa kumchukua mtoto. Na kuna kubwa zaidi. Kaka yako anataka kuja. Anataka aje Jumamosi ya katikati ya mwezi na wazee wawili wa kanisa wamwekee Sindano mikono tumboni. Nimemwambia madaktari wamekataa wageni. Ukipigiwa simu sema hivyo hivyo. Nakutegemea wewe, sina mwingine.

Wifi yako

6 Aprili

Wifi,

Kwanza pole na kazi. Pili, hivi umerogwa?

Kaka yangu ananipigia kila jioni. Mwanzoni alikuwa anauliza habari za madaktari, nami nikawa nabuni madaktari, mmoja mrefu mmoja mwenye miwani, nimekuwa na hospitali nzima kichwani. Siku hizi hata haulizi. Analia tu. Mwanamume mzima analia sikioni mwangu na mimi nimeshika shuka la watu, huku mtoto wake amekaa mbele yangu anakula karanga. Yule ndiye aliyenilea baba alipokufa. Alininyoa nywele mwenyewe siku yangu ya kwanza ya shule, akanipaka mafuta. Mimi kanisani huwa naenda kwenye harusi na mazishi, sijifanyi mtakatifu, lakini hili limenishinda.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umewapita wahenga, unatangaza maradhi ambayo hayapo.

Watu wa kumchukua mtoto sijatafuta na sitatafuta mpaka mwenye mtoto aniambie. Nimemuuliza. Alichukua foronya nyingine. Sasa soma barua yake, nimeifunga humu humu. Ameiandika jana baada ya kukaa juu ya beseni lililopinduliwa kutwa nzima. Nilimpeleka kwa nesi wa zahanati, nesi akasikiliza, akasema moyo unapiga, mtoto amelala tu, nao huwa wanalala. Haamini. Nesi anamwambia hivi, nyinyi kanisa zima mnaomba vile, na yeye amekua akiambiwa maombi yenu yanaamsha wafu. Mmemlea aamini, wifi. Ameamini. Haya, mfanyeje sasa?

Mimi wifi yako, dobi wa watu

5 Aprili

Mama,

Hajacheza tangu jana asubuhi. Nesi anasema amelala. Mama, najua sistahili kukuomba kitu. Waambie waache kuomba. Sema nimekufa, sema nimetoroka, sema lolote, ila Jumatano wasiombe tena. Tafadhali Mama. Waambie waache.

S.

9 Aprili

Mwanangu,

Nimesoma karatasi yako nimesimama, nikashindwa hata kukaa. Shangazi yako ametuma ujumbe kwa jirani yangu muuza nyuzi kwamba "vifungo viko sawa, vinacheza". Nimemshukuru Mungu mpaka muuza nyuzi akashangaa, vifungo gani hivi.

Usiogope, mama. Mungu hadanganyiki kama sisi. Anajua kilichomo tumboni mwako, yeye ndiye anayemfuma mtoto gizani. Akina mama wakisema uvimbe, yeye anajua si uvimbe. Hawezi kutekeleza ombi lililokosewa, kama vile mimi nikiletewa kipimo kisicho cha mteja sishoni, nauliza kwanza. Mungu anajua kila kitu. Tulia. Jumamosi itapita, nitamzuia baba yako kwa njia yoyote, halafu tutaona.

Mama yako

12 Aprili

Mama,

Kweli anacheza. Alianza Alhamisi, nikamwaga maji ya kupigia pasi kwa furaha.

Umesema Mungu anajua kila kitu. Kama anajua, unamficha nani?

Mimi nikirudi nitaaibika, najua. Nitakaa viti vya nyuma, nitanyimwa Meza ya Bwana, watoto wa darasa lako watanitazama tumbo. Hiyo ni haki yangu, nimeifanyia kazi. Lakini huyu hajafanya kitu. Wewe umewapa watu jina la kumwita ili usiaibike, na jina lenyewe ni la ugonjwa. Naona aibu kwa niliyofanya, Mama. Wewe unaona aibu kwa watu. Sijui kama ni aibu moja.

Na usimtafutie watu wa kumlea. Nimemaliza kufikiri.

Sindano

17 Aprili

Sindano wangu,

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa kibanda. Nitakueleza kwa mpangilio, maana utasikia na kwa wengine, nao wataongeza chumvi.

Baba yako Jumamosi hakuja huko kwa sababu mzee mmoja aliumwa mgongo, wakasogeza safari kwa wiki moja. Nikasema afadhali. Jana Jumapili, kabla ya maombi, Mwenyekiti akasimama akasema, "Tunataka taarifa ya imani. Mama wa mtoto aje mbele atuambie, uvimbe umepungua?" Nilikuwa nimejiandaa. Jibu lilikuwa "umeanza kupungua, tuendelee". Nilikuwa nimelifanyia mazoezi wakati nashona.

Nikaenda mbele. Baba yako amekaa mstari wa wazee, amekonda, kola ya shati inamzunguka kama ya kuazima. Alinitazama. Mwanangu, alikuwa amefumbata mikono kifuani, kama mtoto anayesubiri kugawiwa kitu. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Haujapungua. Unakua. Una miezi zaidi ya sita na unapiga teke."

Kuna watu walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Nikasema, "Binti yangu ana mimba. Niliwadanganya. Naomba msiombe tena, mnamwombea mtoto afe, na mimi nimekuwa nikiitikia Amina pamoja nanyi."

Ah, mwanangu. Nimesikia watu wakisema "natamani ardhi ipasuke", nikadhani ni maneno tu. Nilitazama chini kweli kama itapasuka. Uso ulikuwa unawaka, masikio yanawaka, nikajua sasa kila binti niliyewahi kumnyooshea kidole yuko humu ndani ananitazama, na mama zao. Mmoja alisimama akatoka na watoto wake. Jina la kijana sikulitaja, hilo ni lenu. Lakini kinanda kilinyamaza. Kilikuwa kinapiga polepole kwa chini kama kawaida, kikanyamaza katikati, na kijana akainuka akapita mlango wa pembeni. Mama yake alimtazama mpaka mlango ukafungwa. Halafu akanitazama mimi. Alielewa, Sindano. Nimemchukia yule mama wiki zote hizi, lakini nilivyouona uso wake jana sikuweza tena. Ulikuwa ni uso wangu siku ya pini.

Mchungaji akafunga ibada kwa sala fupi. Nimevuliwa darasa la mabinti, na ni haki, nilikuwa nimeshalivua mwenyewe. Mwenyekiti amekuja leo asubuhi hapa kibandani. Hakusalimia. Alikusanya vitambaa vya buluu vyote, vilivyoshonwa na visivyoshonwa, akaondoka navyo. Mlangoni akasimama akaniuliza, "Anacheza?" Nikasema anacheza. Akaenda zake.

Baba yako hajasema neno tangu jana. Hajanipiga, hajanitukana, ningependa hata atukane. Jana jioni nilimwekea chakula nikamwambia sasa kula, mfungo umekwisha. Hakula.

Nilimwita mwanao uvimbe uvimbe mpaka nikazoea. Nisamehe, na yeye aje anisamehe akikua. Pini zile nilipaswa kuzitema nikuulize. Nilijua. Niliogopa jibu, kwa sababu jibu lingenihitaji niwe mama na si mwalimu.

Mama yako

30 Aprili

Wifi,

Kaka yangu hapigi simu tena. Jioni inafika, naitazama simu, kimya. Nilizoea kilio chake, sasa nakitamani. Nimempigia mimi mara kadhaa, anapokea, anasema "nipo", anakata. Mtu wa maneno yule, anayewasimulia wateja mpaka wanasahau walikuja kunyolewa!

Hapa Sindano anaendelea vizuri, ila ameanza kuuliza kila kondakta kama kuna bahasha. Bahasha zako anazifurahia, usiache. Lakini si zako anazozisubiri. Amekuwa akisema, "Baba amenikataa, Shangazi, na ana haki." Nimemwambia kaka yangu hawezi kukataa hata paka. Ila na mimi nimeanza kuogopa. Mguse. Msukume. Mwambie aandike hata tusi.

Kijana wa kinanda alikuja, kwa taarifa yako. Alisimama mlangoni kwenye mvuke na mfuko wa machungwa, akaiambia foronya samahani, maana Sindano mwenyewe hakuweza kumtazama. Sindano alipokea machungwa akamwambia, "Rudi ukiwa na maneno." Nimependa.

Wifi yako

11 Mei

Mwanangu,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Nimeharibu karatasi nyingi, mama yako amejifanya hazioni.

Watu wanadhani nimenuna. Wateja wanakaa kimya wakinyolewa kama wako msibani. Acha nikuambie ukweli, nimechoka na mengine. Siku ile kanisani niliona aibu. Ya kwanza ilikuwa aibu yako. Nilisema moyoni, binti yangu, mimi mzee wa kanisa, na wote wanajua na mimi nimejua mwisho kama mjinga. Nilikaa na hiyo siku kadhaa nikainyonya kama pipi chungu. Hiyo imepungua. Ingekuwa hiyo tu ningekuwa nimeshakuja kukugombeza, na tungekuwa tumemaliza.

Lakini ikaja nyingine, na hii haiondoki. Mama yako na wenzake waliomba kwa kuimba na kupokezana. Mimi niliomba peke yangu. Kila asubuhi kabla ya kufungua nilipiga magoti katikati ya viti, nywele za jana bado ziko sakafuni, nikasema: Bwana, kitu hicho kiue. Nilitumia neno hilo hilo. Kiue. Sikusema "ukipenda". Nilimkumbusha nimemtumikia tangu ujana wangu na sijamwomba kikubwa. Nilimdai, mwanangu. Hakuna ombi nililoliomba maishani mwangu kwa moyo wote kama hilo, hata siku ulipozaliwa.

Nimekwenda kwa Mchungaji kumuuliza mtu anafutaje ombi. Nywele nikizikata vibaya zitaota tena, mteja nitamwambia rudi wiki ijayo. Hili je? Mchungaji akaniambia usijali, Mungu hatazami maneno, anatazama moyo. Nikamwambia ndilo hilo linalonitisha, moyo wenyewe ndio ulioomba. Akanishika bega, ni mtu mwema.

Tangu siku hiyo sijaweza kupiga magoti. Naona haya. Nikiinama nasikia lile neno. Wewe unafikiri nimekukataa, shangazi yako amemwandikia mama yako. Mwanangu, mimi ndiye ninayeogopa kuja mbele yako. Nitamtazamaje huyo akizaliwa, na mimi ndiye niliyetaka afe kabla hajanijua?

Nina ombi moja. Weka mkono tumboni umwambie babu yake hakujua. Mwambie ulikuwa uongo wa watu wazima, yeye hakuhusika. Mwambie polepole, usimtishe. Halafu niandikie.

Baba yako

15 Mei

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisomea kwenye stoo ya mashuka. Shangazi alinikuta nimekaa chini nalia, akadhani uchungu umeanza, akaangusha ndoo ya sabuni na kuita watu. Sasa wote wanajua kwamba Baba ameandika. Mmoja amepiga vigelegele.

Nilijaribu kufanya ulivyosema. Niliweka mkono, nikasema "babu yako", nikashindwa kuendelea. Si kwa sababu nina hasira na wewe. Baba, hili hata Mama sijamwambia, wala Shangazi. Zile wiki za mwanzo, nilipojua, kabla mtu yeyote hajajua, mimi pia niliomba. Kila nilipokwenda kuoga nilifungulia maji ili nisisikike. Niliomba asiwepo. Nilisema, Mungu, mtoe, nitaimba kwaya mpaka nizeeke. Nilimdai kama wewe. Na mimi nilijua ni mtoto, Baba. Wewe hukujua. Nilipoambiwa kanisa zima linaomba akauke, sikuogopa maombi yenu peke yake. Niliogopa kwamba yamekuja kuungana na yangu.

Kwa hiyo msiniletee mzee wa kanisa anayejificha kwenye saluni. Tupo wawili katika ombi hilo, mimi na wewe. Ya kwangu nimeshamwambia mtoto, nilimwambia wiki iliyopita, nikipiga pasi, taratibu, yote. Sijui kama alinielewa. Lakini tangu nimwambie naweza kupiga magoti tena, ingawa kuinuka ni kazi, lazima nishike meza.

Yako siwezi kumfikishia. Nimeona hilo si jambo la kumtuma mtu. Sasa hivi ninapoandika yuko macho, ananigonga ubavuni, karatasi inatikisika.

Njoo umwambie mwenyewe.

Sindano